Idi ya Mzee Feruzi

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Bi Mwanahawa aliyasema maneno hayo bila kugeuza shingo, siku moja kabla ya Idi, mtu alipopiga hodi mlango wa uani. Alikuwa jikoni akichambua mchele. Aliyebisha hodi ni jirani, alikuja kuazima sinia, akapewa, akaenda zake. Lakini wajukuu wawili waliokuwa wakimenya vitunguu saumu walikuwa wameyadaka yale maneno.

"Bibi," akasema Nasra, "mgeni akija, mwenyeji anatoa chakula chake, anatoa kitanda chake, anachoka. Sasa anapona nini, naye hata haumwi?"

Kaka yake Idrisa akacheka. "Labda anapona upweke."

Bi Mwanahawa akaweka ungo chini. "Maneno haya yana nyumba yalimozaliwa," akasema, "na ndani ya nyumba hiyo palikuwa na mgonjwa kweli. Menyeni, huku mkisikiliza. Mimi nilisimuliwa hivi."

*

Zamani, katika mji mmoja wa bara, kwenye njia ya misafara, aliishi fundi wa kusuka vitanda vya kamba aliyeitwa Mzee Feruzi. Mkewe alikuwa Bi Nyange, na binti yao wa pekee alikuwa Mayasa. Vitanda vya Feruzi vilisifiwa, lakini kilichomjulisha zaidi ni Idi ya nyumbani kwake. Ndugu zake wote walikula Idi pale. Majirani walikula pale. Hata mpita njia asiyejua jina la mji alijikuta amekaa mkekani na mkono umenawa, kwa sababu Feruzi alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni akiwavuta watu mikono ya kanzu. Yeye akivuta, Bi Nyange akipakua. Watu walisema nyumba ile ina mlango lakini haina komeo.

Mwaka huo, mwezi wa Rajabu, Bi Nyange alishikwa na homa. Haikumchelewesha. Aliugua, akazidiwa, akazikwa, na watu hawajamaliza hata kuulizana anaendeleaje.

Matanga yalipokwisha, Mzee Feruzi aliingia chumba cha ndani, akalala, akageukia ukuta. Mwanzoni watu walisema ni huzuni, mwacheni. Mayasa akimpelekea uji, alikunywa mikupuo miwili akasukuma bakuli. Baadaye akawa anakunywa mmoja. Baadaye akawa anatazama tu bakuli, kama mtu aliyeletewa kitu asichojua matumizi yake. Vitanda vya watu vilivyosukwa nusu vikaota vumbi uani. Mganga akaitwa, akampapasa tumbo na mbavu, akatoka nje na Bi Kilindo, dada yake Feruzi, aliyehamia pale tangu msiba.

"Sioni maradhi," akasema mganga. "Huyu anakufa njaa, na chakula kipo. Dawa ya namna hiyo mimi sina."

Mayasa alikuwa nyuma ya pazia, akayasikia.

Ramadhani ikaingia. Watu walipofuturu, Feruzi aligeukia ukuta. Ilipokaribia kwisha, mifupa ya mabega ilikuwa imemtokeza na sauti imekuwa nyembamba. Akamwita dada yake.

"Kilindo, waambie ndugu na majirani, mwaka huu hapana Idi kwangu. Asije mtu."

Bi Kilindo alikuwa mtu wa kutii. Akajitanda kanga, akapita nyumba kwa nyumba, akafikisha ujumbe. Watu waliinamisha vichwa wakasema wamesikia.

Sasa Mayasa alikuwa msichana ambaye miguu yake haikujua kutulia. Akikaa aliinuka, akiinuka alikimbia. Shangazi yake aliporudi, alimkuta ameshika kamba ya mbuzi, beberu mweusi ambaye Bi Nyange alimnenepesha mwenyewe tangu mwaka ulipoanza, kwa ajili ya Idi hiyo hiyo.

"Shangazi, nitapika."

"Hukusikia baba yako alivyosema?"

"Nimesikia. Amesema wasije watu. Hakusema pasipikwe."

Bi Kilindo akamtazama, akamtazama mbuzi. "Wewe umewahi kupika chungu cha Idi?"

"Sijawahi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naosha mchele na kuchochea moto, na macho nilikuwa nayo."

Hilo lilikuwa kweli. Miaka yote Mayasa alikuwa msaidizi wa mama yake, na miaka yote alitamani mwiko uwe mkononi mwake. Alifikiri kwamba baba yake akisikia harufu ile, harufu ya Idi ya Bi Nyange, ataamka. Hakufikiri zaidi ya hapo. Wazo lilimwingia likamjaa mwili mzima, na usingizi ukawa mgumu kuja.

Asubuhi ya Idi, watu walipokuwa wakijiandaa kwenda kusali, jirani yao Mwinyi Sudi alimchinja yule mbuzi, akamchuna, akamkata, akaondoka akitikisa kichwa. Mayasa akakoka moto uani. Akapanga mafiga, akatafuta chungu. Hakuchukua cha wastani. Alichukua kile kikubwa ambacho huinuliwa na watu wawili.

"Chungu hicho cha nani?" akauliza Bi Kilindo.

"Cha Idi."

"Idi ina tumbo?"

Mayasa akacheka, na Bi Kilindo akashangaa kusikia kicheko katika nyumba ile. Akajifunga kibwebwe, akashika upande wa pili wa chungu.

Basi kazi ikaanza. Mayasa alitia samli, akatia vitunguu, akavikaanga mpaka vikawa na rangi ya hina iliyokolea, maana mama yake alisema rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu wala si kwenye bizari. Akatia nyama iliyochemshwa, akatia thomu na tangawizi aliyotwanga tangu alfajiri, akatia mdalasini, iliki, bizari nyembamba na pilipili manga. Mvuke ukampanda usoni. Alikimbia kuchukua mwiko, akaurudisha, akauchukua tena. Alionja kwa pua tu, akili yake ikiruka mbele: sasa mchuzi, sasa mchele, sasa moto upunguzwe, sasa makaa yapaliwe juu ya kifuniko.

"Mbona waruka kama bisi?" shangazi yake akamwambia. "Polepole, mwanangu. Wali haukimbii."

Lakini Bi Kilindo naye alikuwa ameanza kuchangamka. Alikata kachumbari akiimba chinichini. Alipoona makaa yamepaliwa vizuri, alikunja mikono kifuani akasema, "Haki ya Mungu, Nyange angekuona."

Harufu ikapanda. Ikaruka ukuta wa uani, ikaingia njiani, ikakutana na watu wanaotoka kusali. Mayasa alisimama nyuma ya mlango, jicho kwenye ufa. Aliwaona baba zake wadogo wakija na kanzu zao mpya, wakapunguza mwendo, pua zikageuka kabla ya vichwa. Mmoja akasimama kabisa. Mwenzake akamgusa bega, wakakumbushana, wakaendelea na safari. Akawaona majirani wakifanya vivyo hivyo. Kila mtu alisimama kidogo, akautazama mlango, akapita. Hawakumchukia mtu. Walikuwa wanamheshimu mgonjwa.

Mayasa akapakua sahani, akachagua vipande laini, akaipeleka chumba cha ndani.

"Idi njema, baba."

Feruzi akafumbua macho. Harufu ilikuwa imemfikia zamani, kwa maana shavu lake lilikuwa na unyevu. "Idi njema, mwanangu. Nyama ya yule beberu wa mama yako?"

"Ndiyo, baba."

"Wapelekee majirani." Akageukia ukuta.

Mayasa akarudi uani, akakaa chini kando ya chungu. Mara ya kwanza tangu alfajiri miguu yake ilitulia. Bi Kilindo akawa anafukuza inzi wasiokuwapo. Kisha Mayasa akasimama.

"Shangazi, naenda kutafuta mgeni."

"Baba yako amekataza."

"Amewakataza ndugu na majirani. Asiye ndugu wala jirani hakukatazwa. Chungu cha mama hakitabaki bila mtu wa kukila."

Alikwisha kujitanda kanga na kutoka, na Bi Kilindo ikabidi aache kachumbari amfuate mbio, kwa sababu haikuwa adabu msichana kualika watu peke yake.

Alikwenda sokoni. Soko lilikuwa tupu, vibanda vimefungwa. Lakini pale penye uwazi wa katikati alikuwapo mzee mmoja, amekaa juu ya mzigo wake, visigino vimepasuka kwa mwendo. Alikuwa mchuuzi wa chumvi aitwaye Bukuru, ametoka mbali, upande wa machimbo ya chumvi, na hakujua kama siku ile ni sikukuu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Watu wa mji huu wamekufa au wamehama?"

"Leo ni Idi, babu. Hapana soko leo."

"Ndiyo bahati yangu," mzee akasema, wala hakukasirika. "Nimetembea njia yote ile, kumbe nyinyi mnasali."

"Umekula?"

"Nilikula jana."

Hapo Bi Kilindo akafika, pumzi juu. Alitaka kusema kwamba huyu ni mgeni kabisa, si wa dini yao, hawamjui, na kaka yake atawaka. Akamtazama mzee usoni, akatazama vile visigino.

"Haya, baba," akasema, "beba mzigo wako. Wali unapoa."

Walimkalisha ukumbini. Mayasa alimnawisha kwa birika, akaleta sinia, akafunua kawa. Pilau lilikuwa limechambuka, punje na punje, nyama juu yake inang'aa. Bukuru alilitazama kwa muda mrefu. Tumbo lake likanguruma, wote watatu wakalisikia. Kisha akaweka mikono yake juu ya magoti, akatulia.

"Karibu, babu," akasema Mayasa.

"Asante. Mwenyeji yuko wapi?"

"Ni baba yangu. Ni mgonjwa, amelala ndani. Kula tu."

Bukuru akatikisa kichwa. "Kwetu mgeni hatangulii. Mwenyeji hutia mkono kwanza, mgeni akafuata. Nikila peke yangu katika nyumba ya mtu aliyelala, nitakuwa na tofauti gani na mwizi?"

"Hapa si kwenu, baba," Bi Kilindo akasema kwa upole. "Hapa mgeni hula tu."

"Najua si kwetu, mama. Lakini aliyekuja ni mimi, na nimekuja na tabia zangu. Sina haraka. Nitamngoja."

Tumbo likanguruma tena. Mayasa alitazama mvuke ukipungua juu ya sinia, akatazama ile mikono mikavu iliyotulia magotini, akainuka akaenda chumba cha ndani.

"Baba. Kuna mtu ukumbini."

Feruzi hakugeuka. "Nilisema asije mtu."

"Ulisema, baba, nami nimekosa. Lakini amekwisha kuja. Ametembea kutoka mbali, hajala tangu jana, na amenawa. Hali mpaka wewe uanze."

"Mwambie ale."

"Nimemwambia. Shangazi amemwambia. Anasema atangoja."

Mayasa alidhani baba yake amelala. Kisha sauti ile nyembamba ikauliza, "Mmemkalisha wapi?"

"Ukumbini, baba."

"Kwenye mkeka gani?"

"Ule uliokuwapo."

"Uliochanika?" Feruzi akageuka. "Mgeni wa Idi, Mayasa, nyumbani kwangu, mmemkalisha kwenye mkeka uliochanika?"



"Nipe kanzu yangu," akasema Feruzi.

Kanzu ilimning'inia kama iliyoanikwa ukutani. Alijaribu kusimama, akaketi tena, akamshika binti yake bega, akainuka. Kutoka chumba cha ndani mpaka ukumbini si mbali, lakini walipumzika njiani. Bi Kilindo alipomwona kaka yake mlangoni, amevaa kofia, alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Mkeka mpya ukaletwa mbio. Feruzi alimwamkia mgeni wake, akaomba radhi kwa kuchelewa, kama mtu aliyekuwa shambani tu akarudi. Akaketi. Akanawa.

Akafinyanga tonge dogo, akalitia kinywani, akalitafuna polepole. Watu wote watatu wakamtazama koo.

"Chumvi," akasema.

"Nini, baba?"

"Halina chumvi."

Mayasa akashika kichwa. Vitunguu alikumbuka, bizari alikumbuka, makaa ya juu alikumbuka, lakini kwa furaha na kwa kuruka kule, chumvi hakutia hata chembe. Alitamani ardhi ipasuke.

Mzee Bukuru alimtazama binti, akamtazama baba, akaanza kucheka. Alicheka kwa tumbo tupu, mabega yakimtikisika. Akauvuta mzigo wake aliouweka kando, akafungua majani, akachota chumvi nyeupe kwa vidole. "Mimi nilidhani nimefika mji huu siku mbaya ya biashara," akasema, akanyunyiza sinia zima.

Feruzi akaonja tena. Safari hii alimeza upesi zaidi. "Mama yako," akamwambia Mayasa, "Idi yetu ya kwanza, naye alisahau chumvi. Nilikula sahani nzima, nikanyamaza."

"Ulinyamazaje?" akauliza Bukuru.

"Nilikuwa bwana arusi."

Wakacheka wote. Feruzi alicheka mpaka kicheko kikageuka machozi, na machozi yakamtiririka hadi kidevuni, naye hakuyafuta, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa unafinyanga tonge jingine. Bukuru akatia mkono naye, akala kama mtu aliyetembea. Lakini kila Feruzi alipoacha, Bukuru naye aliacha.

"Endelea, mgeni wangu," Feruzi alimwambia.

"Mwenyeji ameacha kula, mimi nitaendeleaje? Na sijashiba."

Basi Feruzi akaongeza tonge moja kwa ajili ya mgeni, kisha jingine. Hakula kingi, na Bi Kilindo alimhimiza asile kwa pupa, maana tumbo lilikuwa limesinyaa. Lakini alikula zaidi ya vile alivyokula Ramadhani nzima.

Huko nje Mwinyi Sudi alikuwa akipita. Alisikia kicheko alichokijua, akadhani masikio yanamdanganya, akasogea akachungulia.

"Sudi," Feruzi akasema kutoka ndani, "mbona wachungulia kama mwizi wa kuku? Ingia."

Mwinyi Sudi hakuingia mara moja. Alikimbia kwanza kwenda kuwaambia wengine. Muda si muda ukumbi ukajaa, baba wadogo na kanzu zao mpya, majirani, watoto, kila mtu na sahani aliyotoka nayo kwake ili chakula kisipungue. Mayasa alikimbia kati ya uani na ukumbi, anapakua, anapeleka, anarudi, jasho linamtoka na uso unang'aa. Kila sahani ilinyunyizwa chumvi ya Bukuru. Chungu kikubwa kikafikia ukoko, na watoto wakaugombea ukoko.

Bukuru alikaa pale siku kadhaa, akauza mzigo wake wote. Kila mlo alikuwa yule yule: mwenyeji kwanza. Kisha akaaga, akaenda zake.

Siku alipoondoka, Mayasa alipika akiwa na hofu. Akatenga chakula cha mchana mbele ya baba yake. Feruzi akakitazama. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Mayasa akaona ule uso wa siku za ukuta unarudi, akakaza macho asilie.

Lakini Feruzi alishika fimbo yake, akainuka, akatoka hadi mlangoni. Akasimama akitazama njia, huku na huku. Mtu mmoja akapita na mzigo wa kuni kichwani.

"Ndugu yangu," Feruzi akamwita, "umekula?"

"Bado, mzee."

"Basi tua mzigo."

Bi Kilindo alikuwa jikoni na Mayasa. Waliposikia kuni zinatuliwa chini kwa kishindo, Bi Kilindo akachukua bakuli la pili, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba dua fupi, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Alilisema neno hilo siku hiyo, na siku zilizofuata, kila mtu alipobisha hodi. Majirani wakalisikia, wakalichukua. Nyama ikamrudia Feruzi mifupani, sauti ikarudi, vile vitanda vilivyosukwa nusu vikamalizwa na wenyewe wakavichukua. Na mwezi wa Mfunguo tatu ulipoandama, ikaja Idi ya pili, alikuwa mlangoni kwake tangu watu walipotoka kusali, anawavuta mikono ya kanzu, na ndani Mayasa anaonja chungu kwa ulimi, si kwa pua.

*

Bi Mwanahawa akauchukua tena ungo wake. Vitunguu saumu vilikuwa vimemenywa vyote, wala hakuna aliyekumbuka kuvimaliza.

"Kumbe mwenye njaa alikuwa ndani," akasema Nasra.

"Alikuwa ndani," bibi akamjibu. "Yule wa njiani angekula popote. Ndiyo maana nyumba hii mtu akibisha hodi hatumuulizi amefuata nini, wala hatujihesabu kuwa tumemfadhili. Tunafungua, tunashukuru, tunasema: mgeni njoo, mwenyeji apone."